Sura ya Nne: Tendo Dogo Lenye Saa Yake

Mwezi Mei mwaka 1966, Padri Vincent Donovan wa Shirika la Roho Mtakatifu alimwandikia askofu wake wa Arusha barua kutoka misioni ya Loliondo. Misioni hiyo ilikuwa na miaka saba. Ilikuwa na shule nne zilizoendeshwa vizuri, kikanisa, hospitali ndogo, na mapadri waliojulikana na kupokewa vizuri mabomani. Mpita njia angeiona kuwa misioni yenye afya. Lakini Donovan alipokaa na kuhesabu matunda, alimweleza askofu jambo zito: hapakuwa na Mmasai mtu mzima wa Loliondo aliyekuwa akiishika dini, na hakuna mtoto Mkatoliki hata mmoja aliyeendelea kuishika baada ya kumaliza shule. Waliokuwa wakisali pale ni wachache waliotoka sehemu nyingine. Miaka saba ya kazi ya dhati, fedha nyingi na uchovu mwingi, na sala haikuwa imevuka lango la shule.

Barua hiyo imejadiliwa sana tangu Donovan alipoisimulia katika kitabu chake Christianity Rediscovered, kilichotoka mwaka 1978. Yeye mwenyewe aliona kwamba kosa lilikuwa ukimya: wamisionari walitibu, walisomesha, walisaidia, lakini hawakuwa wamewaketisha Wamasai watu wazima na kuwaeleza habari za Mungu waziwazi, jumuiya nzima kwa pamoja, katika boma lao. Hoja hiyo ina nguvu, na kazi aliyoifanya baada ya hapo, boma kwa boma, juma baada ya juma, inastahili heshima. Hata hivyo haijibu swali lote, kwa sababu watoto wale wa shule walikuwa wameelezwa. Walifundishwa katekisimu na sala kuu za Kanisa. Naamini walichokosa ni saa. Dini waliyoipokea ilikuwa na kipindi chake katika ratiba, ikaitwa na kengele ya shule na kusimamiwa na mwalimu. Walipovua sare na kurudi kuchunga, kengele ilibaki nyuma, na katika siku nzima ya mchungaji hapakuwa na tendo lolote ambalo sala ile ilikuwa imefungwa nalo. Hawakuhitaji hata kuikataa dini. Ilikosa tu mahali pa kukaa. Hoja ya sura hii inaanzia hapo: maisha ya kiroho ya Mkatoliki wa kawaida hukua pale sala inapopewa tendo dogo, lenye saa yake, lililofungwa na kazi ambayo mtu angeifanya siku hiyo kwa vyovyote. Mahubiri mazuri, jengo kubwa na hisia kali vina faida yake, lakini haviwezi kushika nafasi ya tendo hilo.

Ajabu ni kwamba wenyeji wa nyanda hizi walilijua jambo hili kabla misioni yoyote haijafika. Mwanamke wa Kimasai alipomaliza kukamua alfajiri, alinyunyiza maziwa kidogo kuelekea juu akimwomba Enkai, yaani Mungu, awalinde watoto, mume na mifugo. Hakuhitaji siku maalumu wala nyumba ya ibada, maana saa ya kusali ilikuwa saa ya kukamua, na ng'ombe hawaruhusu mtu asahau kukamua. Kwa Wairaqw, waliohamia Karatu kutoka milima ya Mbulu katika karne ya 20 wakiwa na majembe na mifugo yao, wazee walifungua na kufunga mikutano kwa slufay, sala ndefu yenye utenzi ndani yake, mmoja akiongoza na waliokaa wakiitikia kwa pamoja. Shauri la shamba, la ndoa au la ugomvi wa mpaka halikuanza hivihivi. Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson, katika kitabu chake The Church of Women cha mwaka 2005, alifuatilia Ukatoliki wa Wamasai wa Tanzania akakuta jambo ambalo mapadri hawakulitegemea: wao walikuwa wamewalenga wanaume, lakini waliolijaza Kanisa ni wanawake. Hodgson anaeleza kwamba wanawake tayari walikuwa na mamlaka yao katika mambo ya Mungu na ukaribu wao na Enkai. Ninakubaliana naye, na ninaongeza sababu moja: wanawake ndio waliokuwa na sala ya kila siku. Imani mpya ilipowafikia ilikuta saa iliyokwisha kutengwa, mikono iliyokwisha kuzoea, na mdomo unaojua kumwita Mungu kabla jua halijapanda.

Msomaji mwangalifu atauliza kama hapa hatuchanganyi mambo, tukivalisha desturi za kale vazi la Ukristo. Swali ni la haki. Imani ina maudhui yake, na Mkristo anamwomba Baba kwa njia ya Kristo katika Roho Mtakatifu. Hilo halitokani na maziwa wala na slufay. Lakini saa ya kusali si fundisho la imani, na Kanisa tangu mwanzo halikuona haya kupokea saa lililozikuta. Matendo ya Mitume inawaonyesha Petro na Yohane wakipanda hekaluni saa tisa alasiri, saa ya sala ya Wayahudi. Didake, kitabu kidogo cha maelekezo ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ile ya pili, kiliwaagiza Wakristo wasali Baba Yetu mara tatu kwa siku, na mara tatu ilikuwa desturi ya Kiyahudi kama tunavyoiona kwa Danieli. Watawa waliigawa siku kwa zaburi. Kwa walei waliokuwa mashambani, kengele ya Malaika wa Bwana ililia asubuhi, adhuhuri na jioni, na mkulima akasimama na jembe lake mkononi. Kanisa limekuwa likifanya hivyo kwa karne ishirini, na wamisionari wengi walituletea kengele hiyo pia; tatizo ni kwamba kengele ilitundikwa misioni, na anayekaa kilomita ishirini kutoka hapo haisikii.

Mwaka 1609 Fransisko wa Sales, askofu wa Geneva, alichapisha kitabu cha kuwasaidia watu wa kawaida kuishi maisha ya ibada, jambo ambalo wengi wa wakati wake walidhani ni la watawa tu. Alisisitiza kwamba askofu akitaka kuishi upweke wa mtawa, au fundi akitaka kushinda kanisani siku nzima kama mtawa, ibada hiyo itakuwa ya fujo na haitavumilika. Ibada ya kweli lazima ikae ndani ya kazi ya mtu na nguvu zake. Mwaka 1844 Padri François-Xavier Gautrelet aliwaambia wanafunzi wa Kijesuiti huko Vals, Ufaransa, waliokuwa wakitamani sana misioni za mbali, kwamba wangeweza kuwa mitume palepale kwa kumtolea Mungu kila asubuhi masomo na kazi za siku hiyo. Ndivyo ulivyoanza Utume wa Sala, na ndiyo maana hadi leo Wakatoliki wengi wana sala ya asubuhi ya kuitolea siku. Miaka 120 baadaye, Novemba 1964, Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati yake juu ya Kanisa, Lumen Gentium, ulitenga sura nzima kufundisha kwamba utakatifu ni wito wa wabatizwa wote, kila mmoja katika hali yake ya maisha. Hivyo anayetafuta njia ya kukua akiwa mkulima wa vitunguu Mang'ola, au kibarua katika shamba la kahawa la Oldeani, hatafuti ruhusa ya pekee. Anatafuta kitu alichokwisha kuahidiwa siku ya ubatizo wake.

Kwa nini tendo dogo lenye saa lifanye kazi ambayo nia kubwa isiyo na saa haiifanyi? Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba fadhila za kibinadamu hujengeka kwa matendo yanayorudiwa, hata ikawa rahisi kwa mtu kutenda mema na kufurahia kuyatenda, wakati imani, matumaini na mapendo humiminwa na Mungu mwenyewe. Kilichomiminwa nacho kinahitaji chombo. Mtu anayesema atasali akipata nafasi anamkabidhi Mungu mabaki ya siku, na mabaki hayo mara nyingi ni usingizi. Tena kila siku anapaswa kuamua upya kama atasali, kwa muda gani na kwa maneno gani, na uamuzi unaofanywa upya kila siku hushindwa siku ya kwanza yenye mvua au mgeni. Saa iliyopangwa humwondolea mtu mzigo huo wa kuamua. Dereva wa utalii wa Karatu anayeondoka gizani ili awe kwenye lango la Loduare la Ngorongoro linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi hajiulizi kila siku kama atakagua matairi, anakagua. Akiifunga na ukaguzi huo sala ya kuitolea siku, watalii wake, barabara ya kushuka bonde la kreta na maneno atakayoyasema, sala hiyo itafanyika hata siku ambazo moyo wake hauko kwenye sala, na siku hizo ni nyingi kuliko tunavyokiri.

Msingi wa kuchagua, basi, ni kutazama siku ilivyo badala ya kuchukua ratiba ya nyumba ya watawa na kuipunguza. Mkulima wa Mang'ola ana zamu yake ya maji. Kusubiri maji yafike mferejini ni muda uliokwisha tengwa, na makumi mawili ya Rozari yanaingia humo bila kumnyang'anya kazi. Muuguzi wa zamu ya usiku katika hospitali ya Endulen hawezi kushika sala ya jioni pamoja na familia yake, lakini kabla ya kumkabidhi mwenzake wodi ana orodha ya wagonjwa mkononi, na orodha hiyo inaweza kusomwa mara moja kwa ripoti na mara moja mbele ya Mungu. Mama anayewasha moto kabla wengine hawajaamka yuko peke yake kwa dakika kadhaa, na dakika hizo ni mali. Kwa anayemudu, Injili ya siku isomwe kabla ya simu kufunguliwa, kwa sababu kilichoingia kwanza kichwani asubuhi hukaa hapo muda mrefu. Ningemshauri mtu aanze na tendo moja tu na kulishika hadi liwe la kawaida kabla ya kuongeza la pili. Wengi huanza Jumatano ya Majivu na mambo saba, na kufika juma la pili la Kwaresima hawana hata moja.

Wapo wanaosema ushauri huu unamfaa mwenye shamba lake au gari lake, lakini kibarua asiye na mamlaka juu ya saa zake hana pa kupachika sala. Mwenye Heri Isidori Bakanja anatoa jibu, na amelitoa kwa gharama kubwa. Alikuwa kijana wa Kongo aliyebatizwa mwaka 1906, mtumishi wa Mbelgiji aliyefanya kazi katika kampuni wakati wa biashara ya mpira na pembe. Hakuwa na cheo wala muda wake mwenyewe. Alikuwa na skapulari shingoni, Rozari, na desturi ya kusali na kuwafundisha wenzake sala. Msimamizi aliyeichukia dini alimwamuru aivue skapulari, akakataa. Akapigwa mijeledi hata mgongo ukaoza, na akafa mwezi Agosti 1909 akiwa amemsamehe aliyempiga. Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994. Watu hukumbuka kifo chake, na ni haki. Mimi naona tuyatazame pia maisha yaliyotangulia kifo hicho, ya miaka mitatu tu tangu ubatizo, yaliyoshikwa na kitambaa kidogo na sala fupi kati ya kazi na kazi. Msamaha ule haukuanza kutungwa siku ya mijeledi.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika Injili yenyewe. Yesu aliwaonya wanafunzi wasisali kwa kurundika maneno wakidhani watasikilizwa kwa wingi wake, na manabii waliwakemea watu waliomheshimu Mungu kwa midomo huku mioyo iko mbali. Je, mazoea hayazai ubaridi huohuo? Yanaweza, na tusijifiche. Tunajua Rozari inayokimbizwa ili chakula kiliwe, na ishara ya msalaba inayofanana na kufukuza nzi. Lakini tiba ya sala iliyopoa haijawahi kuwa kuacha kusali. Tiba yake ni kuifunga pamoja na sala nyingine inayotazama matendo, nayo ni utafiti wa dhamiri wa kila jioni, ambao Ignasi wa Loyola aliuthamini kiasi cha kuwataka wenzake wasiuache hata pale ugonjwa au kazi ingewalazimu kupunguza sala nyingine. Utafiti huo ukifanywa kwa maneno ya jumla hauna makali. Ukifanywa kwa maneno ya kazi ya mtu, unachoma. Mnunuzi wa vitunguu ajiulize kuhusu lumbesa: gunia lililoshonewa kilemba juu ili mkulima auze zaidi ya kipimo kwa bei ya kipimo, jambo ambalo sheria ya vipimo inalikataza na wanunuzi wengi wanaoingia kanisani Jumapili bado wanalidai. Mwongoza watalii ajiulize kama tipu iliyokusudiwa mpishi na msaidizi imewafikia. Mwenye shamba ajiulize kama vibarua walilala na ujira wao. Anayesali asubuhi na kujiuliza hivyo jioni hawezi kwa muda mrefu kuweka sala na lumbesa katika moyo mmoja. Ama ataacha lumbesa, ama ataanza kuukwepa utafiti, na hata kule kukwepa atakuwa anakujua. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba dakika tano za utafiti wa dhamiri zina uzito kuliko nusu saa ya sala isiyofuatwa na swali lolote. Na ndizo zinazoipa uhai sakramenti ya Kitubio. Sheria ya Kanisa inadai walau mara moja kwa mwaka kwa mwenye dhambi nzito, lakini anayejitazama kila jioni hafiki kwa padri na orodha ya kukariri. Anafika na jambo.

Kuna wengine, hasa ndugu waliokaribia madhehebu yanayosisitiza wokovu wa mara moja, watakaosema kwamba haya yote ni jitihada za binadamu kutaka kununua neema. Mafundisho ya Kanisa hapa ni wazi kuliko tunavyoyafundisha. Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha 6 mwaka 1547, ulifundisha kwamba mwanzo wa kuhesabiwa haki unatoka kwa neema ya Mungu inayomtangulia mtu bila stahili yake, na kwamba mtu huyo, akiguswa, anaitikia kwa hiari na kushirikiana nayo. Tendo dogo la kila siku ni namna ya kuitikia. Halimlazimishi Mungu kitu, wala halimwongezei deni. Mama anayesali asubuhi hampelekei Mungu ankara. Anajiweka mahali anapoweza kupewa. Hatari ya kujivuna ipo, nakubali, na dalili yake ni kuanza kuhesabu sala za wengine. Aliyefikia hapo ana la kumweleza padri wake.

Ugumu unaowaangusha wengi zaidi hauhusu mafundisho. Ni ukavu. Mtu ameshika saa yake kwa miezi, na sasa haoni chochote: sala haina ladha, Injili ya siku ni maneno aliyokwisha kuyasikia, Mungu yuko kimya. Hapo hushawishika kwamba njia imemkataa, aende atafute penye moto. Mashamba ya Karatu yana mfano unaosaidia. Mkulima hupanda mahindi pamoja na mbaazi. Kwa miezi ya mwanzo mahindi ndiyo yanayoonekana, mbaazi ni kijiti chembamba chini yake, kinachoshughulika na mizizi kuliko majani. Mahindi yakishavunwa na mvua kwisha, mbaazi ndipo inapotanuka, ikinywa unyevu wa kina ambao mahindi hayakuufikia. Furaha za mwanzo wa sala ni kweli na ni zawadi, lakini kuna ukuaji mwingine unaosubiri zipite. Yohane wa Msalaba aliuandikia vitabu. Katika wakati wetu, barua za Mama Teresa wa Kalkuta zilizochapwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, ziliushangaza ulimwengu kwa kuonyesha kwamba mwanamke yule aliishi miongo mingi bila faraja ya kuhisi uwepo wa Mungu. Wengine waliziona barua hizo kuwa ushahidi dhidi ya imani yake. Kwangu ni ushahidi wa saa zilizoshikwa: Misa, kuabudu Ekaristi, maskini waliookotwa barabarani, siku baada ya siku, bila malipo ya hisia.

Kuhusu mikesha, mafungo, semina za uponyaji na hija nitasema machache. Ni vitu vyema, na wapo walioanza upya humo. Lakini mkesha unaisha asubuhi, na anayerudi nyumbani kusikokuwa na saa ya sala atabaki na kumbukumbu hadi mkesha ujao. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu mwaka 2005, alijulikana kwa kuhudhuria Misa ya asubuhi siku za kawaida, hata akiwa Rais. Anayesema hana muda anaweza kulitafakari hilo. Wako pia wasio na Misa karibu, na Kanisa linawajua: mahali ambapo padri hafiki, au mtu anapozuiwa na sababu nzito, kanuni ya 1248 inahimiza ibada ya Neno au sala ya kifamilia. Dereva aliye kreta kila Jumapili ya msimu wa wageni yuko katika hali ya namna hiyo mara nyingi, na ni wajibu wa parokia za Karatu kumtafutia Misa ya siku nyingine kabla hajazoea kuishi bila Ekaristi, kwa sababu Ekaristi ni chemchemi ambayo hakuna sala ya kwenye usukani inayoweza kushika nafasi yake.

Yote niliyosema yangeweza kumfanya Mkatoliki kuwa mtu wa kona yake, mwenye Rozari yake na amani yake, huku jirani akiteseka. Kanisa la Afrika Mashariki liliiona hatari hii mapema. Mkutano wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa kanda hii, mwaka 1973 huko Nairobi ulichagua kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, na ule wa 1976 ukaufanya mpango huo kipaumbele cha uchungaji. Jumuiya ni lile tendo dogo lenye saa, likifanywa na kaya za jirani: mara moja kwa juma, nyumbani kwa mmoja wao, Injili ikisomwa na ikiulizwa inadai nini kwa mgonjwa, mjane na mwenye deni wa mtaa uleule. Katika wilaya ya Ngorongoro haiwezekani kuisoma Injili hivyo bila ardhi kutajwa. Eneo la Hifadhi lilianzishwa mwaka 1959 kwa mpango wa watu, mifugo na wanyamapori kuishi pamoja. Tangu 2022 serikali imekuwa ikihamishia kaya katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, ikisema uhamaji ni wa hiari, na wakazi wengi wamepinga. Jumuiya inayokaa kimya juu ya jambo linalowanyima majirani zake usingizi haijaisoma Injili, imeisikiliza tu. Inapaswa kuwasikiliza waliobaki na waliohama, kuwasaidia katika matibabu na shule za watoto, na kusema ukweli kwa heshima panapotakiwa kusemwa. Na familia inayohama itaacha kigango, katekista wake na benchi alilokalia babu. Saa ya sala ya nyumbani inaweza kupakiwa pamoja na vyombo.

Ndani ya jumuiya zenyewe kuna jambo la kurekebisha. Katika parokia nyingi mzazi anayetaka mtoto abatizwe, au wachumba wanaotaka kufunga ndoa, hudaiwa barua ya mwenyekiti wa jumuiya kuthibitisha kwamba wanahudhuria. Utaratibu huo una sababu nzuri, lakini umewafundisha wengi kuhudhuria kwa ajili ya daftari: wanaonekana miezi mitatu kabla ya ubatizo na kutoweka baada ya keki. Daftari linapima miguu iliyofika. Mwenyekiti anayeandika barua hiyo angeweza kuongeza swali moja, aliulize akiwa nyumbani kwa familia badala ya ofisini: hapa kwenu mnasali saa ngapi, na mnapokuwa mnafanya nini? Jibu lisiandikwe popote. Familia isiyo nalo isinyimwe barua wala kuaibishwa. Ipewe jirani mmoja wa jumuiya atakayekuja kusali nao jioni kwa majuma machache ya kwanza, wakati wa kukamua au sufuria ikiwa bado jikoni, mpaka mtoto wa nyumba hiyo awe ndiye anayewakumbusha wakubwa kwamba saa imefika.